Sikusema Mashallah

Nilikuwa na miaka sita nilipoambiwa nimemuua mdogo wangu. Aliyeniambia ni mama yangu mzazi, mchana kweupe, mbele ya wanawake wa mtaa mzima waliojaa kwenye mikeka ya matanga, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema, we mama, muogope Mungu, huyu ni mtoto. Najua wanaoandika habari za utotoni hupenda kuanza na harufu ya jikoni na sauti ya adhana. Mimi sina subira hiyo. Neno lenyewe ndilo hilo, na nimeliweka mwanzo ili anayetaka kufunga kitabu akifunge sasa hivi.

Tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu katika nchi ya Wanyarwanda, katika nyumba ya matofali mabichi yenye baraza nyembamba, na barazani ilikaa cherehani ya baba. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa fundi nguo. Babu yake alifika huku na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku, na kutoka pwani hiyo ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona tulibakiwa na dini, pilau ya Idi na Kiswahili. Mama alizaliwa Ujiji. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, naye alikilinda hasa: ukisema "chakula iko tayari" ndani ya nyumba yake, unakula kofi kabla ya hicho chakula. Lakini nje ya mlango wetu kulikuwa na Kinyarwanda, na mimi nilikuwa mtoto wa kucheza nje. Mchana kutwa nilishinda uani kwa majirani, nikicheza Kinyarwanda, nikigombana Kinyarwanda, na jioni nikirudi ndani nilikuwa navua ulimi huo mlangoni pamoja na kandambili.

Kabla ya mdogo wangu huyo, mama alikuwa amezika wawili. Basi huyu wa tatu alilindwa, weee! Alipakwa wanja kwenye paji la uso ili aonekane mbaya, akavalishwa hirizi shingoni na nyingine kiunoni, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsifu bila kutaja jina la Mungu. Ukimwona, mashallah. Akicheka, mashallah. Hata akipiga chafya vizuri, mashallah. Kwetu anayemsifu mtoto akaacha neno hilo anakuwa ameiacha sifa yake ikiwa wazi, na husuda hupita hapo hapo. Mimi nililijua neno lile tangu sijajua kuvaa nguo mwenyewe. Lilikuwa limeshikana na Kiswahili changu, likitoka lenyewe bila kufikiriwa, kama vile mtu anavyofumba macho akipuliziwa vumbi.

Siku yenyewe nilikuwa kwa jirani. Kule nako kulikuwa na mtoto mchanga, na wanawake waliopita kumwona walikuwa wanamnyanyua na kupiga kelele, "Arabyibushye!", yaani amenenepa, na mama yake anacheka mpaka jino la mwisho. Kwao lilikuwa neno la kumfurahisha mzazi, basi. Nikatoka pale mbio, nikaingia kwetu, nikamkuta mdogo wangu amelazwa mkekani, miguu juu, mapaja yamejaa mikunjo. Nikamnyanyua kwa kwapa kama nilivyowaona wale wanawake. "Arabyibushye!" nikapiga kelele. "Arabyibushye, mama!" Mama alikuwa anachagua mchele. Akainua kichwa, akasema, "Sema mashallah." Nilikuwa nimeshamrudisha mtoto mkekani na niko mlangoni, mchezo unanisubiri. Sikusema. Nimefikiri sana kwa nini sikusema, na jibu ni jepesi la kuudhi: mashallah yangu ilikuwa ya Kiswahili. Kwenye Kinyarwanda changu haikuwemo.

Usiku ule mtoto alishikwa na homa.

Mama hakuwa na haja ya kuuliza homa imetoka wapi. Aliitwa sheikh wa mtaa, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, na hayo maji, ambayo sisi tunayaita kombe, mtoto akanyweshwa kwa kijiko. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mimi nilikuwa nimekaa barazani chini ya cherehani ya baba, hakuna aliyeniambia niondoke wala niingie. Nakumbuka baba hakushona siku zile. Alikuwa ameushika mpini wa gurudumu la cherehani na hauzungushi. Mtoto akafa adhuhuri, wanaume wakaja, wakamchukua, na mama akakaa mkekani na wanawake wakakaa naye, na hapo ndipo nilipoingia kutafuta maji ya kunywa na yeye akaninyooshea kidole.

"Huyo," akasema. "Huyo hapo. Alimtazama, akamsifu, nikamwambia sema mashallah, akakataa. Ana jicho. Nimezaa jicho langu mwenyewe."

Neno "akakataa" ndilo lililoniuma kwanza, kwa sababu sikukataa, nilikimbia tu. Ajabu ya mtoto hiyo. Analaumiwa kwa kifo, yeye anataka kurekebisha kitenzi.

Nataka nieleze nilivyofikiri baada ya pale, kwa sababu baadaye nilisomea kazi ya kujua watoto wanavyofikiri na nikakutana na wengi wanaodhani mtoto wa umri ule hafikiri. Anafikiri. Anafikiri kutwa kucha, maskini ya Mungu, kwa vifaa alivyonavyo. Mimi kwanza sikuelewa kwamba mdogo wangu haji tena. Niliona wamempeleka mahali, na vitu vinavyopelekwa mahali hurudi. Nikamuuliza shangazi, dada yake baba aliyekuwa amekuja kutoka Kicukiro kwa msiba, watamtoa lini. Shangazi alikuwa mwanamke wa sokoni, mkono wake mwepesi, akanizaba kibao halafu akanikumbatia kwa nguvu na kulia kwenye nywele zangu. Nikajua kuna jambo, ila sikujua lipi.

Halafu nikaanza kulijaribu jicho langu. Kama ninalo, nijue linafanyaje kazi. Jirani alikuwa na kuku mwekundu, nikasimama mbele yake, nikamwambia kwa Kinyarwanda kwamba amenenepa, nikafunga mdomo kabisa mashallah isije ikaniponyoka. Kuku akaishi. Nikamrudia kila siku. Ilipofika Krismasi yao wakamchinja, nikakimbilia chooni kutapika: basi ni kweli. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani nilimchukia kwa fimbo zake, naye nikamjaribu. Nilimsifia tumbo moyoni, likawa linazidi tu kunenepa, fimbo zikawa zinazidi tu kuwa kali. Mtu mzima angesema, si unaona, jicho halipo. Mimi nilisema anayo Kurani, Kurani inamlinda. Hakuna ushahidi wowote ambao ungeweza kunitoa hatiani, maana kila kilichokufa kilikuwa changu na kila kilichopona kilikuwa kimekingwa.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliacha kunitazama usoni, na alipopata mimba nyingine tumbo likaanza kuonekana, akamwambia baba, mimi nikisikia, "Huyu mtoto siwezi kuzaa naye nyumba moja." Baba aliongea taratibu kwa muda mrefu, lakini baba alikuwa mtu wa kuongea taratibu halafu kushindwa. Shangazi akanichukua Kicukiro. Siku zile Kicukiro ilikuwa mbali: mashamba ya mtama, nyumba moja hapa nyingine kule, matope mpaka kwenye goti. Nilienda nimebeba nguo zangu kwenye kitambaa cha vipande vilivyobaki mezani kwa baba. Mama alisimama ndani ya mlango. Nilitegemea atasema neno, niliburuza miguu makusudi ili apate nafasi ya kulisema, na hakusema.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa nikiwa kule. Nilimwona mara ya kwanza siku ya Idi, na kumwona kwenyewe ni kwa kuibia, kwa sababu nilipoingia sebuleni alibebwa haraka akapelekwa chumba cha ndani, eti analala. Ikawa ndiyo desturi. Kila Idi mimi naingia, mtoto anapelekwa ndani, napewa pilau na soda, nakula, narudi Kicukiro. Wakazaliwa wengine wawili, ikawa vile vile. Hakuna aliyenitukana. Sahani yangu ilikuwa inajazwa nyama kuliko za wote. Nilikuwa mgeni wa heshima nyumbani kwa mama yangu, na heshima ile nimeichukia mpaka leo.

Na mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nakisema wazi: nilitaka mama anitazame usoni aseme, haukuwa wewe. Alilisema mbele ya watu, sikutaka hata alifute mbele ya watu. Anifutie jikoni, chooni, popote, tukiwa wawili.

Kitu ambacho mama hakukusudia ni kwamba alinisomesha. Biryogo wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa shule za mapadri, watoto wasije wakabatizwa, wasichana ndiyo kabisa. Shangazi hakuogopa padri wala shehe, aliogopa hasara. Alitaka mtu wa kumsomea maandishi ya kwenye magunia na makaratasi ya kodi, akanipeleka shule. Kule waliniita Mswahili, wakimaanisha Mwislamu, wakimaanisha mhuni. Nikasoma kwa hasira. Nawaambia watu, hasira ni taa nzuri ya kusomea, haizimiki upepo ukivuma. Nikafaulu mpaka shule ya ualimu.

Ilikuwa huko ambako nilisikia habari zangu kwa mara ya kwanza. Mwalimu wetu wa saikolojia alikuwa Mnyarwanda aliyesomea Ulaya, mpole, sauti ndogo, anafundisha kwa Kifaransa huku akiangalia dirishani. Akachora ngazi ubaoni. Akasema wataalamu wanaona akili ya mtoto inapanda kwa vidato. Cha chini ni cha mtoto mchanga, anayeijua dunia kwa mdomo na mikono. Cha pili, mpaka miaka sita au saba hivi, mtoto anaamini dunia inamsikiliza yeye: jua linamfuata njiani, jiwe lililomkwaza lina roho mbaya, na akimkasirikia mtu, yule mtu akaugua, basi ni yeye aliyemuuguza. Cha tatu anaanza kupima kwa vitu anavyovishika, anajua maji ni yale yale hata ukiyamimina kwenye glasi nyembamba. Cha nne, akikaribia ujana, anaweza kufikiri juu ya visivyoonekana, aseme kama hivi, basi vile, na alifuate wazo hilo mpaka mwisho hata kama mwisho haupendi.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye kidato cha pili. Wenzangu wanaandika, mimi kalamu imesimama. Akimkasirikia mtu, yule mtu akaugua. Kwa hiyo linajulikana! Kuna watu mahali fulani wamekaa, wamewasikiliza watoto, wakagundua kwamba watoto wote wanafikiri hivyo, wa wazungu nao, na kwamba ni umri, unapita. Nilisimama bila kunyoosha mkono. "Mwalimu," nikasema, "na mtu mzima akibaki kwenye kidato cha pili, anaitwaje?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, akasema hilo ni nje ya somo la leo. Nikaketi. Nilifurahi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele, na papo hapo nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja ubao. Mtoto anakipita kidato cha pili, sawa. Ila ngazi ile ilichorwa na mtoto peke yake juu yake. Hakukuwa na mama ubaoni. Nani atampandisha mtoto kama mtu mzima amesimama juu anamwambia, baki hapo hapo, ni kweli, uliua?

Unaweza kuniuliza, ukajua haya yote, kwa nini hukwenda kwa mama siku ile ile? Nilikwenda. Nilipanda gari la kwanza la likizo, nikaingia Biryogo na maneno yangu yamepangwa, na mama akaniona mlangoni akasema, "Karibu, mwalimu," akageuka kumwambia mmoja wa wadogo zangu akaniletee kiti. Nikakaa kwenye kile kiti. Nikanywa soda. Miaka ikaenda namna hiyo.

Nikafundisha Remera, darasa la kwanza na la pili, watoto wadogo, kwa kupenda mwenyewe. Wenzangu walikimbilia madarasa ya juu. Mimi nilitaka wale wa umri wangu. Kulikuwa na msichana mmoja aliyefiwa na baba yake, akaacha kuongea, na baada ya kukaa naye sana akanong'ona kwamba baba alimtuma maji, yeye akaenda kucheza, na baba akafa. Niliacha darasa zima likipiga kelele, nikapiga magoti sakafuni mpaka macho yetu yakawa sawa, nikamwambia, "Si wewe. Sikiliza. Si wewe. Baba alikuwa mgonjwa. Hata ungeleta maji ya ziwa zima angekufa." Halafu akaniuliza kama anaweza kwenda kukojoa. Ilikuwa rahisi namna ile! Mtu mmoja mzima, magoti mawili, dakika chache. Nilirudi nyumbani siku ile nikalia kwa uchoyo, nikimwonea wivu mtoto yatima.

Yule mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa nikiwa uhamishoni Kicukiro, alikua akawa mtu wa kicheko. Yeye habari ya jicho langu aliisikia tangu utotoni na aliichukulia mzaha mtupu. Aliolewa na mfanyabiashara mdogo wa Niboye, wakaishi nyuma ya duka lao, na mtoto wake wa kwanza alipofikisha arobaini alimfunga mgongoni akaja moja kwa moja kwangu Remera, kabla hajampeleka hata kwa mama. "Mshike, dada," akasema. "Msifu mpaka achoke. Mwambie amenenepa, mwambie mzuri, tuone kama atapasuka." Nilikuwa mwalimu, nimefundisha mamia ya watoto wa watu, na sijawahi kubeba mtoto wa damu yangu tangu yule. Nikamshika. Nikasema mashallah kabla sijajua ninasema nini, na mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila Jumapili mtoto yule alikuwa wangu. Alijifunza kukaa kitandani kwangu. Alipoanza kutambaa alinifuata jikoni, nami nilimtazama akitafuta kijiko nilichokificha chini ya kitambaa, nikajisemea, haya, umeshaanza kupanda. Furaha yangu yote ya dunia ilikuwa mtoto yule wa Jumapili.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Sukari ikamlaza mama, miguu ikavimba, hospitali wakamrudisha nyumbani, na sote tukajua maana yake. Mdogo wangu akahamia kwa mama kumuuguza, na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nakwenda baada ya vipindi. Nikajiambia, akifa kabla hujamuuliza, utabaki na lile neno mpaka kaburini kwako. Basi nikachagua alasiri moja, mdogo wangu akiwa uani anamuogesha mtoto, mama ameamka, ana nguvu kidogo. Nikavuta kigoda.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwalimu." Hakuwahi kuacha kuniita hivyo, na sijajua kama ilikuwa sifa au kebehi.

Nikasema. Nilimweleza yote kama ninavyowaeleza wazazi wa wanafunzi wangu, taratibu, bila Kifaransa. Kwamba mtoto wa miaka sita hana jicho, ana maneno tu. Kwamba nililisahau neno kwa sababu nilikuwa natoka kwenye Kinyarwanda, wala sikuwa na kinyongo na mtoto, nilimpenda. Kwamba mimi mwenyewe niliamini nimemuua, kwa kuwa umri ule unaamini hivyo, na kwamba umri ule ulipita. "Yule mtoto alikufa kwa homa, mama."

Alikuwa anaangalia dari. "Homa," akasema.

"Homa. Malaria tu. Wakati ule walikufa wengi."

"Na homa hiyo ina dawa?"

"Ina dawa."

"Hata wakati ule?"

Na mimi mjinga, kwa kiburi cha kusoma, nikiona nimeshamfikisha, nikajibu, "Hata wakati ule, mama. Kwinini ilikuwepo. Dispensari walikuwa nayo."

Uani maji yalikuwa yanamwagika na mtoto anapiga kelele za furaha. Halafu mama akageuza kichwa juu ya mto, polepole, na akanitazama usoni.

"Baba yako alitaka kumpeleka," akasema. "Alishamfunga kwenye shuka. Mimi nikasimama mlangoni. Nikamwambia, hili si la daktari. Mtoto aliyepigwa jicho akichomwa sindano anakufa. Nikamnyang'anya mtoto, nikampa kombe. Akaniambia tena kesho yake, nikamfukuza. Kama lilikuwa jicho, mimi nilifanya vizuri. Nilifanya kila kitu. Kama halikuwa jicho…" Akavuta shuka mpaka kifuani. "Kama si wewe, basi ni mimi. Wewe umesoma. Nijibu."

Miaka yote nilikuwa nimemweka mama yangu kwenye kidato cha pili, nikimcheka moyoni, na kumbe alikuwa amepanda mpaka juu kabisa, kwenye kama na basi, peke yake, na alichokiona huko kilimfanya anishike mimi asianguke. Nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka kumwambia, ndiyo, ni wewe, wewe hapo, na ulinifukuza nyumbani usije ukaniona ukakumbuka. Wallahi neno lilikuwa kwenye meno. Nilikuwa na haki ya kulisema. Alikuwa ananitazama, mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka sita, na macho yake yalikuwa ya mtoto anayesubiri kuambiwa na mkubwa.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Lilikuwa jicho. Nilimwonea wivu. Nilikataa kusema mashallah makusudi."

Pumzi ilimtoka ndefu. Mkono wake ukatafuta wangu juu ya shuka.

"Nilijua," akasema. "Nimekusamehe zamani, mwanangu. Usilie."

Alifariki siku chache baadaye, usingizini. Mtaa ukaja, mikeka ikatandikwa, na wanawake wakasema wamewahi kuona maiti nyingi lakini uso uliotulia namna ile hawajauona. Nilipika, niligawa chai, niliitikia dua. Baada ya hitma watu wakapungua, nikaingia chumba cha ndani ambako mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani na mtoto. Nilikuwa nimechoka sana. Nilikuwa sijamshika tangu msiba uanze. Nikanyoosha mikono.

Mdogo wangu akamvuta mtoto kifuani kwake, akanigeuzia mgongo, si kwa ukali, kama mtu anayekwepa mlango usimgonge. Kutoka uani, alikokuwa akimuogesha mtoto alasiri ile, mpaka kitandani kwa mama palikuwa na pazia tu.

"Amelala, dada," akasema.

Juu ya bega lake mtoto alikuwa ananichekea.